Nyota Nne kwa Mama Mkwe

Kama hukusoma gazeti la Jumamosi iliyopita, usijilaumu. Hukukosa kitu ila aibu yangu, na aibu yangu haiishi upesi, iliyobaki inakutosha.

Kwa ufupi, mambo yako hivi. Mimi ni Evaristi, mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Murusagamba. Nina shahada, nina simu nzuri, na nina tabia moja ambayo watu wa kwetu wanaiona ugonjwa: nikilala mahali, naandika mtandaoni palivyo. Nimeandika nyumba za wageni, nimeandika kambi za mahema, nimeandika hata banda moja la Nyantakara nililolala na mbuzi. Mbuzi nilimpa sifa yake. Hakukoroma.

Mwaka huu wa 2016 Warundi wanavuka mpaka kila siku, na wageni waliokuja kuwahudumia wamejaza vyumba vyote vya Ngara mjini. Ndipo Mama Ildefonsa wa Mbuba, mama wa mchumba wangu Priscila, alipopata wazo. Akafyeka kipande cha shamba la migomba, akasimamisha mahema, akatundika kibao barabarani: Kambi ya Mapumziko. Kisha akaniomba mimi, mkwe mtarajiwa na msomi wa ukoo, nilale hapo niandike neno moja zuri.

Niliandika mengi ya kweli. Nyota mbili. Hema linavuja juu ya mto wa kulalia. Chai ni baridi. Choo hakina komeo. Aliye ndani hulazimika kuimba ili wa nje ajue kuna mtu, na mgeni asiyejua nyimbo atapata tabu.

Posa ikasimama siku hiyohiyo. Ujumbe wa Mama Ildefonsa ulikuwa mfupi: "Mwambieni Mwalimu binti yangu naye ana nyota mbili. Akatafute mwenye tano."

Hapo ndipo tulipoachana, wewe na mimi. Sasa sikiliza nilivyookolewa.

Aliyeniokoa ni baba mdogo Anatory, mshenga wangu. Alirudi kutoka Mbuba kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, anacheka peke yake.

"Nimeyamaliza," akasema.

"Umeyamaliza vipi?"

"Nimepeleka blanketi la mama. Amepokea kwa mikono miwili. Amepiga vigelegele."

Kwa asiye wa kwetu nifafanue. Ng'ombe ni wa baba, lakini mama aliyembeba binti mgongoni lazima naye afunikwe. Ndilo blanketi la mama. Si lazima liwe blanketi hasa. Kinaweza kuwa chochote cha kumfunika yeye au nyumba yake. Likipokelewa, posa imekaa. Likirudishwa, posa imerudi.

Na mwoaji haulizi kilichobebwa. Wabebaji hubeba, yeye hukaa nyumbani ametulia kama yai. Akiuliza, ataonekana anahesabu.

Mimi nikauliza.

"Blanketi gani, baba mdogo? Ulikuwa huna hata shuka."

"We Evaristi! Bwana harusi anauliza blanketi? Unataka na risiti?"

Nikanyamaza. Mimi, mtu wa ushahidi, ninayempa mbuzi haki yake, nikanyamaza kwa sababu ya mila. Liweke hilo pembeni, msomaji. Tutalihitaji.

Mama Ildefonsa akatuma neno tena, safari hii lenye sukari: amerekebisha kambi, nije nilale upya, niandike upya.

Nilikwenda. Maoni ya haki yana masharti yake. Unaandika ulichokiona, si ulichosimuliwa. Unaanza na jema. Ukitaja kasoro, unataja na dawa yake, maana kulalamika bila dawa ni kupiga kelele tu. Humwadhibu mwenye kambi kwa mvua ya Mungu. Unamwadhibu kwa paa lake. Na akirekebisha, unarudi kulala, unaandika upya, hata kama alikutukana katikati.

Usiku huo mvua ilinyesha kama inadaiwa. Sikupata tone. Asubuhi chai ilikuwa ya moto hadi ikaniunguza ulimi, na nilifurahi kuungua. Nilikwenda chooni. Komeo hakuna. Nikaimba.

Nyuma ya jiko la Mama Ildefonsa kuna kichuguu, na juu ya kichuguu ndipo mtandao unapopatikana. Nilipanda, nikaandika haya:

"Nyota nne. Nimerudi baada ya marekebisho. Mvua kubwa, hakuna hata tone. Siri ni paa: mahema yamefunikwa shitingi halisi, yale maturubai meupe wanayopewa wakimbizi, imara kuliko chochote kinachouzwa dukani. Hata lile lenye kiraka cha kitenge kwenye kona halipitishi maji. Tazama picha. Chai ni moto. Mwenyeji ni mkarimu. Ushauri: komeo la choo."

Mtu wa Dodoma akisoma hapo atashtuka. Sisi wa Ngara hatushtuki. Tangu wale Wanyarwanda wa mwaka 1994, shitingi huku ni kama nyasi. Tunaanikia maharage na mihogo, tunaezekea majiko, tunafunikia godoro likisafirishwa. Nimeona bibi harusi akivushwa mvua chini ya shitingi, na padri akiwa upande wa pili ameshika kona. Hakuna aliyeuliza lilikotoka.

Mimi ninayeuliza kila kitu, nami sikuuliza.

Jumapili baada ya misa tukakutana Mbuba kufunga mambo. Chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa katikati, mirija ikatiwa. Mama Ildefonsa, baba mdogo Anatory, mimi. Priscila akatumwa juu ya kichuguu na simu yangu, asome maoni kwa sauti mama yake asikie.

Nikasalimu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa. Leo siumi."

Priscila akasoma. Mama Ildefonsa alisikiliza hadi mwisho, kichwa kikitikisika kwa kila sifa. Kisha akanigeukia.

"Hiyo nyota ya tano umemwekea nani?"

"Mama, ya tano ni ya komeo."

"Komeo! Nani anakuja kuiba chooni kwangu?"

"Si wizi, mama. Ni faragha."

"Faragha ipo. Unaimba, watu wanakwepa. Tangu babu zetu hakuna aliyefunguliwa mlango hapa."

"Na mgeni wa Kizungu asiyejua nyimbo?"

"Apige mluzi!"

Baba mdogo Anatory alicheka hadi pombe ikamtokea puani. "Shemeji, huyu mtoto tulimsomesha kupita kiasi. Tungemkatisha darasa la saba."

"Mngemkatisha la tano," akasema Mama Ildefonsa. "Kila darasa limekula nyota yangu moja."

Lakini alikuwa anatabasamu. Akainama, akatia midomo kwenye mrija wake, akavuta mvuto mrefu. Nami nikapumua. Kwetu aliyekubali hunywa. Ukiona amechomoa mrija wake kabla pombe haijaisha, beba chungu chako uende.

"Mama!" Priscila akaita kutoka juu. "Kuna mtu amejibu!"

"Ee! Tayari wateja! Soma, mwanangu, soma kwa nguvu, jirani asikie."

Priscila akasoma kwa nguvu. Ilikuwa bahati mbaya ya kwanza ya siku hiyo.

"Nashukuru kwa maoni ya haki," akasoma. "Ni kweli turubai hilo halivuji. Nami nimelala chini yake, kule kituoni mpakani. Mwandishi amesahau kutaja kwamba mchana lina joto na alfajiri lina baridi, na kwamba linatosha watu wanne wakilala ubavu. Kiraka nilikishona mimi, kwa kitenge cha marehemu mama yangu. Nililiweka rehani kwa mzee mmoja ili anipe mkungu wa ndizi, watoto wapate kula. Alisema nikipata kibarua nimlipe, atalirudisha. Sijamwona tena. Leo nilikuwa natafuta kwenye simu mahali pa kulala pa karibu, nikaliona paa langu. Nyota mbili. Ushauri: lirudisheni. Mimi, Ishimwe."

Priscila akashusha simu.

Nitasema neno moja kama mtu wa fani. Yalikuwa maoni bora kuliko yangu. Alianza na jema. Alitaja kasoro bila kutukana. Alitoa dawa. Na tofauti na mimi, yeye alijua anaandika juu ya nini.

"Rehani ya mkungu wa ndizi!" Mama Ildefonsa akasema polepole. "Ni mnyama gani anayemvua mkimbizi paa kwa mkungu wa ndizi?"

Baba mdogo Anatory akakohoa. Akainuka.

"Nakwenda chooni," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

"Priscila, yafute hayo."

"Hayafutiki, mama. Ni ya mwenyewe."

"Basi mwalimu wako aandike kwamba ni uongo."

"Mama," nikasema, "sijui kama ni uongo."

"Hujui! Nyota moja unajua, hili hujui!"

Kabla sijajibu, gari likakata kona kutoka barabarani, likaingia hadi kwenye kibao. Mama Ildefonsa akasahau yote. Akajifunga kanga upya, akaenda mbio kwa hatua ndogondogo.

"Mgeni! Karibu, karibu mwanangu!"

Mwanamume akashuka. "Shikamoo, mama. Naitwa Bulugu."

"Marahaba! Umetuona mtandaoni?"

"Nimewaona."

"Nyota nne!"

"Nimeziona zote, mama."

Mama Ildefonsa akanigeukia kwa ushindi. "Umesikia, Mwalimu? Maandishi yako yameanza kuzaa." Kisha kwa mgeni: "Unataka hema la mmoja, au una familia?"

"Nataka kuona mapaa tu."

"Mapaa ndiyo fahari yetu! Tazama, gusa, vuta. Halivuji hilo!"

Bulugu hakugusa. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akashuka mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Hakusalimu mtu. Alipita hema la kwanza, akapita la pili, akasimama kwenye la tatu. Akainua kona, akaweka kidole juu ya kitenge.

"Ndilo," akasema.

"Ndilo nini?" Mama Ildefonsa akauliza, sauti bado ya biashara.

"Ndilo langu. Mimi ni Ishimwe."

"Lako? Dada yangu, umepotea. Hilo ni blanketi langu."

Bulugu akatazama turubai, akamtazama yeye. "Blanketi?"

"Blanketi la mama! Nimeletewa na wakwe, matatu, kwa heshima, mbele ya watu. Mshenga wao kayabeba mwenyewe kwa pikipiki. Na la kiraka akaniambia, hili mama lina pambo."

Msomaji, hapo ndipo nilipopata ushahidi wangu. Mahari yangu mwenyewe nililala chini yake usiku kucha, nikaisifu kwamba haivuji, nikaipiga picha, nikaitangazia dunia, na nikaambatanisha ushauri kuhusu komeo.

Bulugu akazungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo sehemu nyingi. Yeye anashughulikia vifaa vya wakimbizi. Kesho asubuhi basi la kina Ishimwe linaondoka kwenda kambi za Kigoma. Aliyepoteza turubai hapewi jingine. Ndivyo walivyoamua wakubwa, kwa sababu yanauzwa sana.

"Huyu mama hakuuza," akasema, "ila hana shahidi. Simkamati yeye, wala wewe mama sikukamati. Namtafuta mzee wa ndizi. Nikimpata akikiri, huyu anaondoka na paa lake. Nisipompata, kwenye karatasi zetu huyu aliuza."

"Na yangu?" Mama Ildefonsa akauliza.

"Turubai linarudi kwa mwenyewe."

"Unajua unachosema, mwanangu wa Kisukuma? Blanketi la mama likirudi, posa imerudi. Sikuitunga mimi. Binti yangu atakuwa ameachwa kabla ya kuolewa, na Mbuba nzima itacheka."

"Mama, mimi posa zenu sizijui," Ishimwe akasema. Hakupandisha sauti. "Mvua naijua."

Mtoto mgongoni akaamka, akatazama sahani ya ndizi za kuchoma pembeni ya chungu. Akaitazama tu, hakulia.

Mama Ildefonsa akamwona. Nilimwona akimwona.

"Priscila, mpe mtoto ndizi," akasema. Kisha akaongeza, "Za bure," na akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeuza zile nyingine.

Kutoka nyuma ya migomba, wakati wote huo, tulikuwa tunasikia wimbo. Baba mdogo Anatory alikuwa chooni, anaimba. Aliimba wimbo wa Pasaka, na Pasaka ilikwisha zamani. Akaumaliza. Akaanza wa Noeli.

Ishimwe akainamisha kichwa upande, anasikiliza.

"Nani anayeimba kule?" Bulugu akauliza.

"Mtu yuko chooni," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu. "Choo hakina komeo."

"Nimesoma." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe ndiye wewe mwandishi. Maandishi yako nimeyapenda, Mwalimu. Hakuna neno la kupamba. Mtu unasoma unasema, huyu hawezi kudanganya hata akibanwa na mlango."

"Asante."

"Basi nijibu kwa mtindo uleule. Mshenga aliyeleta maturubai haya ni nani, na yuko wapi?"

Sikuwahi kusifiwa vibaya namna hiyo.

Nilipiga hesabu zangu, na hazikuwa ngumu. Nikisema ukweli, baba mdogo anaondoka na gari, blanketi linaondoka na Ishimwe, na Priscila anabaki Mbuba na kicheko cha majirani. Nikidanganya, Priscila ni mke wangu, na watu wanne wanakwenda Kigoma kulala ubavu chini ya hewa. Kwa upande wa haki, swali lilikuwa rahisi. Mtihani wa darasa la nne. Nilishangaa tu kwa nini ulimi haukuinuka.

"Evaristi," Priscila akaita kwa sauti ya chini. Hakusema zaidi. Alikuwa amemshikilia mtoto ndizi, mtoto anakula mkononi mwake, na sikuelewa jina langu lilikuwa linaniomba niseme au ninyamaze.

"Nilikuwa nalala paa moja na mtu aliyeniambia andika ulichokiona," nikaanza, na nikaona mwenyewe sentensi haina maana.

"Hajui huyo," Mama Ildefonsa akamwambia Bulugu. "Kwetu mwoaji hakai na wabebaji. Hajui kilichobebwa, hajui aliyebeba."

Alikuwa ananipa mlango. Mama mkwe wangu, niliyemnyima nyota kwa ajili ya kipande cha chuma, alikuwa ananishikia mlango wazi nipite. Nusu ya aliyosema ilikuwa kweli kabisa. Nilipaswa tu kutikisa kichwa juu ya nusu nyingine.

Sikutikisa.

Akaningoja. Akaona sitikisi. Akainama kwenye chungu, akachomoa mrija wake polepole, akaunyanyua hewani, pombe ikidondoka juu ya kanga yake nzuri ya Jumapili.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Nyota moja tu ulikataa kunidanganyia. Leo utadanganya kwa ajili ya nani?"

Mrija ulikuwa bado unadondoka. Unaweza kurudi chunguni. Unaweza kutupwa.

"Ile sauti," Ishimwe akasema, "alikuwa anaimba hivyohivyo alipokuwa anafunga mkungu."

Na hapo, nyuma ya migomba, wimbo wa Noeli ukakatika katikati ya ubeti.

Bulugu akainua macho. Kwa utaratibu wa kambi ile, niliouandika mimi mwenyewe kwa lugha nyepesi ili mgeni yeyote auelewe, choo kisichoimba hakina mtu. Unaruhusiwa kuvuta mlango.

Bulugu alikuwa ameuelewa. Akaanza kutembea kuelekea kule, Ishimwe nyuma yake.

"Bwana Bulugu," nikasema. "Subiri."

Akasimama, akageuka. Ishimwe akageuka. Priscila, mama yake, mrija ukiwa hewani, wote wakaningoja niseme, na choo nacho kikaningoja.